Elfu Kumi Kila Jumanne

Kambini, 28 Februari

Dada,

Leo sikuulizi habari za afya. Umeniandikia mara mbili mwaka huu kwamba wote wazima, na mimi nikaamini kama mtoto mdogo.

Jana tulipewa siku ya kupumzika, tukapelekwa mjini na lori la maji. Wenzangu wakaenda kunyoa na kununua sabuni. Mimi nikaenda benki, kwa sababu tawi la benki yetu lipo huku, nikaomba taarifa ya ile akaunti yangu na Baba. Nilitaka nifurahi tu. Miezi minane nachomelea mabomba juani, kila mwezi natuma, nikasema ngoja nione pesa ya kununua karakana yetu imefika wapi. Maana mwenye nyumba alisema tarehe thelathini Juni ndiyo mwisho. Pesa isipokamilika mezani kwake siku hiyo, anamuuzia yule wa magodoro, na Baba anaondoka na makopo yake ya rangi baada ya miaka thelathini na moja mahali pale.

Sikufurahi. Tangu tarehe kumi na tatu Januari, kila Jumanne, mtu anakwenda dirishani anatoa elfu kumi. Si laki, si elfu hamsini. Elfu kumi! Na kila akitoa, benki inakata elfu mbili na mia tano kwa sababu amehudumiwa dirishani. Nimehesabu mara saba. Robo ya anachotoa anawaachia benki, na hapo nje, hatua kumi kutoka mlangoni, kuna mashine ambayo ingemkata mia tatu. Kadi iko wapi? Na kama mnahitaji elfu arobaini kwa mwezi, kwa nini zisitolewe mara moja, mkakatwa mara moja?

Baba namjua. Mtu anayekata kopo kwa mkasi ili akombe rangi iliyoganda pembeni, hawezi kuwalipa watu elfu mbili na mia tano wampe elfu kumi yake mwenyewe. Kwa hiyo nauliza kwa adabu, kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu: nani anakwenda dirishani?

Jibu wewe, na Baba ajibu kwa mkono wake. Simu bado wanazikusanya getini kwa sababu ya gesi, na hata wangetuachia, mtandao hakuna. Mpe barua Dereva wa magunia, anakuja huku kila baada ya wiki mbili.

Mdogo wako,
Cheche

*

Nyumbani, 14 Machi

Mdogo wangu Cheche,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Miezi minane huko na bado hujajifunza kusalimia.

Haya. Kadi ilimezwa na mashine. Mashine zinameza kadi, si jambo la ajabu, hata ya mama muuza vitambaa wa hapa jirani ilimezwa. Ya kwenda dirishani, ni Baba mwenyewe anakwenda. Mzee anapenda kutoka Jumanne. Ananyoosha miguu, anaona watu. Elfu kumi inamtosha kwa mambo yake. Mimi namsindikiza mpaka mlangoni basi.

Pesa ya karakana ipo. Wewe chomelea mabomba yako.

Na mimi nina swali. Bahasha yako ilifika imefunguliwa upande mmoja na kubandikwa upya kwa gundi ya viatu. Nani anasoma barua zetu? Huyo dereva wako ana mdomo. Alisimama dukani kwa mume wangu nusu saa nzima, hanyolewi, hanunui, anaangaliaangalia tu. Kuwa mwangalifu na unachoandika.

Baba ameandika, nimeiweka humu humu.

Dada yako

*

Karakana, 14 Machi

Mwanangu Cheche,

Mimi ni mzima kabisa na nashukuru kwa pesa unazotuma. Dada yako ananitunza vizuri. Habari ya Jumanne ni mimi ninayependa kwenda, usiwe na wasiwasi na makato, ni kitu kidogo.

Kazi za vibao zipo. Wiki hii namalizia cha duka la dawa. Fanya kazi kwa bidii, maliza mkataba wako, usifikirie mambo ya huku.

Baba yako

*

Kambini, 29 Machi

Dada,

Nakusalimu. Umeridhika?

Barua ya Baba nimeisoma. Mwandiko ni wake, huo hauna ubishi, ile B yake yenye tumbo la chini kubwa naijua kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini maneno! Baba aseme makato ni kitu kidogo? Na katika barua nzima hajanitukana hata mara moja. Tangu nizaliwe hajawahi kuniandikia bila kuniita kichwa cha nyundo. Dada, ulikuwa umemsimamia begani wakati anaandika? Ulimwambia aandike nini?

Halafu umesema unamsindikiza mpaka mlangoni. Baba ana miaka sitini na sita, anapanda ngazi na kopo mkono mmoja. Tangu lini anasindikizwa benki, mita mia mbili kutoka karakana?

Dereva wa magunia nilimuuliza, ndiyo, nilimuuliza mimi, kwa sababu kwenu hakuna anayenieleza kitu. Kasema mumeo Kinyozi kabadilisha viti vyote dukani. Sasa hesabu mimi nazijua kidogo. Mtu anatoa kidogo kidogo ili isionekane, na shemeji yangu ananunua viti. Sisemi kitu. Naweka tu vitu viwili mezani, kimoja kando ya kingine.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo karakana? Baba alikuwa anachora mistari ya herufi, wewe unajaza rangi ndani. Mimi nilipewa msasa na rangi ya chini. Miaka yote ile, msasa. Mkono wa Baba ulifundishwa wewe. Hilo nalo naliweka mezani.

Cheche

*

Nyumbani, 11 Aprili

Cheche,

Usimtaje mume wangu. Nakuonya kama dada, na nikikuona nitakuonya kama mama yetu alivyokuwa anakuonya, kwa kandambili.

Viti amebadilisha, ndiyo. Kwa sababu zake, na wala si za kuandikwa kwenye karatasi inayofunguliwa njiani na dereva. Unamtuma mtu baki aje kupeleleza duka la shemeji yako, halafu unajiita mwanamume? Aibu nimeona mimi.

Sasa na mimi niweke kimoja mezani. Karakana ikinunuliwa, hati itaandikwa jina la nani? Mwenye nyumba kaniambia uliwahi kumwandikia ukiuliza habari ya jina. Hukuniambia. Hukumwambia Baba. Labda hii kelele yote ya elfu kumi ni ya kunitoa mimi njiani mapema, ili siku ya hati uwe peke yako. Nimewaza hivyo usiku mzima, na sikupenda kukuwazia hivyo.

Habari ya Jumanne usiniulize tena. Kama huna imani na mimi, njoo uone mwenyewe. Hapana. Usije. Maliza mkataba, mpaka mwisho wa Julai, upate ile pesa ya mwisho. Usije kabla.

Dada yako, ambaye alikubeba mgongoni

*

Mjini karibu na kambi, 23 Mei

Dada,

Nimekaa wiki sita bila kujibu. Kwanza nilitaka kunyamaza kabisa. Umeniambia njoo, halafu mstari huohuo ukaniambia usije. Mtu anayeficha kitu ndivyo anavyoandika.

Mwenye nyumba nilimwandikia, kweli. Niliuliza kama hati inaweza kuwa na majina matatu: la Baba, lako, langu. Muulize akuonyeshe.

Leo nimerudi benki. Mimi ni mwenye akaunti, nina haki ya kuona, nikaomba nakala za fomu zote za kutolea pesa. Wamenipa kumi na tisa. Nimeziangalia hapo hapo kwenye benchi mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Dada, hiyo si saini ya Baba. Sihitaji mtaalamu. Ya kwanza ni kama kuku amepita na matope. Nyingine mstari umeishia nje ya kisanduku. Zinaendelea hivyo, zinajaribu jaribu, mtu anafukuzia ile B na haipati, na za mwisho mwisho zinaanza kufanana kidogo, kwa sababu mwizi naye anapata mazoezi. Nilitoa barua ya Baba ya Machi mfukoni, nikaiweka kando. Mbingu na ardhi! Barua imeandikwa na fundi wa vibao, fomu zimeandikwa na mtu mwingine kabisa.

Sijui kama ni wewe au ni Kinyozi. Kama ni wewe, naona uliandika vibaya kwa makusudi. Kama ni yeye, wewe unajua. Vyovyote vile pesa ya jasho langu inaliwa, Baba anazeeka mikononi mwa watu wanaomzunguka, na karakana inakwenda kwa muuza magodoro.

Nimeandika barua kwa meneja wa tawi la huko. Nimesema saini ni za kughushi, akaunti ifungwe mpaka nifike, na anayekuja nazo achunguzwe. Wameipokea, wamegonga muhuri.

 Sikutaka tufike huku.

Cheche

*

Nyumbani, 4 Juni

Cheche,

Barua yako ya tarehe 23 nimeipata jana, Jumatano. Ile uliyomwandikia meneja ilitangulia. Ilifika juzi, Jumanne. Nitakueleza yote sasa, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujatupa kitu ukutani.

Tarehe nne Januari Baba alianguka karakana. Kiharusi. Upande wa kulia wote ulilegea, mkono ukawa unaning'inia tu. Hospitali siku sita. Alipoweza kusema, neno la kwanza lilikuwa jina lako na la pili lilikuwa "asijue". Alisema ukijua utatupa kofia yako ya chuma na kupanda lori siku hiyo hiyo, utakosa pesa ya kumaliza mkataba, na karakana itakwenda. Akaniapisha. Nikaapa. Kosa langu ni hilo, na ninalikubali.

Kadi ilimezwa kweli, kwa sababu alisahau namba, akabonyeza mara tatu. Kupata kadi mpya kunataka saini inayofanana na ile iliyo kwenye faili. Na ile iliyo kwenye faili ni ya mkono ambao umekufa.

Tulikwenda dirisha namba tatu, kwa yule karani wa miwani. Akamwambia Baba kwa upole, mzee, kuna fomu ya kidole gumba, weka kidole hapa, leo hii mambo yanaisha, unachukua pesa yako unavyotaka. Baba akaisoma ile fomu. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: MTEJA ASIYEJUA KUSOMA NA KUANDIKA. Cheche, ukutani juu ya kichwa cha yule karani kuna kibao cha bluu, WATEJA TAFADHALI PANGENI FOLENI. Nani aliandika kile kibao? Mimi nilijaza zile herufi nina miaka kumi na mbili. Baba akanyanyua macho akakiangalia, akaangalia fomu, akairudisha chini ya kioo. Akasema, "Nipeni kalamu, nina mkono mwingine."

Meneja anamfahamu sura. Akakubali jambo moja: saini isiyofanana, kiasi kidogo tu, elfu kumi, mara moja kwa wiki, na makato palepale. Lakini akiweza kusaini mara tatu mfululizo, zote zifanane, mbele ya karani, basi mkono wa kushoto utaingia kwenye faili na akaunti itafunguka yote. Ndiyo maana elfu kumi. Ndiyo maana Jumanne, siku ambayo foleni ni fupi na karani wa miwani yupo. Baba alikuwa anayaita yale makato karo. "Twende nikalipe karo," ananiambia, anavaa shati la pasi.

Alikuwa anakwenda na ile fimbo yake ya kazi, ile anayoegemezea mkono akiandika kibao ili rangi isiguswe. Siku ya kwanza mlinzi alimzuia, kasema mzee hapa haturuhusu silaha. Baadaye akawa anamshikia yeye mwenyewe ncha ya pili, wamesimama hapo kama wanapima kitambaa, watu wa foleni wanasubiri bila kunung'unika.

Nilimgombeza, usifikiri. Nilimwambia Baba weka kidole tu, tunakula nini? Maana elfu kumi haikutosha hata dawa za wiki. Kinyozi aliuza vile viti vyake viwili vya kuzunguka, akaweka vya plastiki. Hivyo ndivyo "alivyobadilisha viti". Dawa za Baba zimetoka pale, na mazoezi ya mkono, na mchuzi anaokula. Mume wangu ananyoa watu wamekaa kwenye viti vya bustanini na wewe umemwita mwizi.

Sasa ile barua ya Machi, uliyoiweka kando ya fomu kama kipimo cha mkono wa Baba. Ile niliiandika mimi. Yeye alikataa kuisema hata neno moja, alisema uongo sitamki, kama unataka andika wewe. Ndiyo maana haina matusi, sikujua kukutukana kwa sauti yake. Fomu zote kumi na tisa ni za Baba. Barua pekee ndiyo ya kughushi, na ndiyo uliyoiamini. Ningekuwa mwizi, Cheche, saini zingekuwa nzuri.

Tarehe kumi na tisa Mei saini yake ilipita. Karani aligonga kioo kwa furaha. Tarehe ishirini na sita ikapita ya pili. Juzi ilikuwa ya tatu. Aliamka saa kumi na moja, akajaribu juu ya gazeti mara nne, akasema leo imo. Na ilikuwemo. Niliiona, B na tumbo lake. Karani akasema, "Mzee, umefaulu," akaenda kumwita meneja.

Meneja akatoka na barua yako.

Akaisoma kwa sauti ndogo lakini tuliisikia. Saini za kughushi. Anayekuja nazo achunguzwe. Mlinzi, yule yule wa fimbo, akaambiwa asimame karibu na mimi. Watu wa foleni wakarudi nyuma hatua moja. Nilitaka ardhi ipasuke. Baba akasema hizi saini ni zangu, mimi ndiye niliyeandika. Meneja akasema mzee nakuamini, lakini mwenye akaunti mwenzako amezipinga kwa maandishi, kwa hiyo saini yako hapa haitumiki tena, hata hii ya leo. Bila uthibitisho wa aina nyingine itabidi niite polisi wamhoji huyu mama. Uthibitisho uliopo ni kidole.

Hakubishana.  Miezi mitano alikuwa anaikwepa ile fomu, na juzi aliivuta mwenyewe kutoka chini ya kioo, akachovya kidole kwenye wino, akakibandika pale. MTEJA ASIYEJUA KUSOMA NA KUANDIKA. Akageuka kwa mlinzi akasema, "Mwache mwanangu atoke."

Tukarudi nyumbani. Alipofika alinawa kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikawa nyekundu. Tangu juzi hajagusa kalamu.

Kwa kidole hicho pesa imefunguka. Karakana tutailipa. Mwenye nyumba kanionyesha barua yako ya majina matatu. Nilikuwazia vibaya, nisamehe kwa hilo. Kwa mengine sijui la kukuambia. Nimechoka.

Dada

*

Kambini, 14 Juni

Dada yangu,

Nimesoma mpaka mwisho, sikutupa kitu ukutani. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya matangi na nikalia waziwazi, msimamizi akadhani nimeungua macho na moto wa kuchomelea.

Nisamehe. Sitafuti maneno marefu. Nilikuwa na uchungu wa pesa na umbali, nikawa naona wezi kila mahali, na nikaanza na wewe. Mwambie shemeji nitamrudishia viti viwili vya kuzunguka, na nitakaa juu ya cha kwanza aninyoe kipara mbele ya watu, anikate hata sikio akipenda.

Barua ya kuondoa malalamiko nimemwandikia meneja, iko kwa dereva. Safari hii nimeifunga kwa utepe wa umeme, tuone ataifunguaje. Msimamizi amekubali kunipa siku kumi kuanzia tarehe sita Julai, kisha nirudi nimalize mkataba. Mwambie Baba asianze kupiga kelele, pesa ya mwisho sitaikosa.

Halafu kuna jambo. Zile nakala kumi na tisa nilizitandaza juu ya kitanda, nikazipanga kwa tarehe. Zilezile, karatasi zilezile nilizoziangalia kwenye benchi. Safari hii niliona mtu anajifunza kutembea. Ya Januari amelala chini. Februari amekaa. Machi ameshika ukuta. Kuna moja ya Aprili ameanguka tena, kisha anainuka. Ya tarehe kumi na tisa Mei amesimama, Dada, ni jina la Baba kabisa. Wenzangu wa chumba walikuja kuangalia mmoja mmoja na hakuna aliyecheka. Na mimi nilikuwa nimeandika kwamba mwizi anapata mazoezi.

Nimezitia zote humu. Mpe. Mwambie mwanawe aliyekuwa anapewa msasa amezisoma vibaya, sasa amezisoma vizuri. Kidole kile nilimbandikisha mimi, na sijui nitakifuta na nini.

Cheche

*

Karakana, 25 Juni

Wewe kichwa cha nyundo,

Barua hii imenichukua siku tatu na mkono wa kushoto. Isome taratibu kama nilivyoiandika. Dada yako hajagusa hata nukta.

Karakana tumelipa jana. Majina matatu. Muuza magodoro amekuja kutupongeza, uso umemvimba.

Kidole nilikiweka kwa hiari yangu. Walikuwa wanamwangalia dada yako kama mwizi. Ningeweka hata ulimi. Iliniuma, sitakudanganya, na iliniuma zaidi kwamba barua ile iliandikwa na wewe. Siku kumi na saba sikutaka kuona kalamu. Kisha bahasha yako ikafika, nikazipanga zile karatasi sakafuni, nikaziangalia mpaka chai ikapoa. Nikamwambia dada yako nipe kalamu.

Ile ya tarehe kumi na nne Aprili ichane. Siku hiyo nilikuwa na mafua.

Ukija lete msasa. Mlango unataka kibao kipya na rangi ya chini bado ni kazi yako.

Jumanne nilirudi dirisha namba tatu. Meneja kasema malalamiko yako yamefutwa lakini faili halina huruma, tunaanza upya, saini tatu mfululizo. Ya kwanza imepita. Zimebaki mbili, zitakungoja ufike, na zote mbili utanishikia fimbo wewe.

Makato ya zote tatu ni juu yako.

Baba